Kutoka Namanyere Hadi Mnara wa Chumbe

Sisi tuliozaliwa juu ya uwanda wa Ufipa, mahali ambapo upepo hupita juu ya majani pasi na mti wa kuuzuia, tunalijua Ziwa Tanganyika kwa njia mbili. Mchana tunalijua kwa samaki, maana migebuka na dagaa waliokaushwa hupandishwa mlima kutoka Kirando na Kipili hadi soko la Namanyere, na harufu yao hulitangulia gari. Usiku tunalijua kwa taa: mtu akisimama ukingoni, pale ambapo nchi yetu inaanguka ghafula kuelekea magharibi, na usiku ukiwa hauna mwezi, huona karabai za wavuvi zimetanda juu ya maji kwa wingi usiohesabika, hata mgeni asiyeambiwa hudhani kuwa chini kule upo mji mkubwa, kisha hustaajabu kuona kwamba mitaa ya mji huo inahama.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Kirando, na katika utoto wangu nilimwuliza kama taa hizo ndizo zinazowaonyesha wavuvi njia ya kurudi makwao. Alinijibu kuwa sivyo: taa ni za kuwaita samaki, na arudiye nyumbani huongozwa na umbo la milima inavyoziba nyota. Ndipo aliponisimulia kisa cha usiku mmoja, kabla mimi sijazaliwa, mawingu yalipofunika milima na nyota pamoja, upepo ukachafua maji, na karabai yake ikazimwa na wimbi; na mkaza mjomba, alipoona kuwa usiku wa manane umepita na chombo hakijarudi, akayatoa matita ya nyasi aliyokuwa ameyakata na kuyahifadhi kwa ajili ya kuezekea nyumba, akayachoma ufukweni, moja baada ya jingine, hata alfajiri. Moto huo ndio uliomleta mjomba nchi kavu pamoja na wenzake wawili. Mkaza mjomba mwenyewe hakupata kukisimulia kisa hicho mbele yangu.

Moto ule ulinirudia moyoni miaka mingi baadaye, nilipopata wasaa wa kuzuru kisiwa cha Chumbe, kiasi cha kilomita 12 kusini ya mji wa Unguja, kuutazama mnara wa taa wa mawe uliojengwa huko mwaka 1904. Nilikuwa nimesoma habari zake, nami nilikwenda nikiwa na swali moja ambalo vitabu havikunijibu kwa kadiri ya shauku yangu: katika mnara huu, ni nani aliyekuwa akikesha?

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe, kwa kuwa linabeba historia ndefu kuliko jengo lolote la pwani yetu. Mnara ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa nuru, kwa maana asili yake ni mahali pa kutolea mwanga. Kwa hiyo tusemapo mnara wa taa tunasema jambo moja mara mbili, na hapana ubaya, maana siku hizi minara imekuwa mingi na iliyo mingi haina nuru. Mnara uliokuwa mashuhuri kuliko yote ulimwenguni ulisimama Iskandaria, katika nchi ya Misri, juu ya kisiwa kilichoitwa Pharos, nao ulijengwa karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Msafiri Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa na kuacha habari zake zinazosomwa hata leo, aliuzuru mnara huo mwaka 1326 akaukuta upande wake mmoja umebomoka. Aliporejea mwaka 1349 ulikuwa umeharibika hata hakuweza kuingia wala kuufikia mlango wake. Matetemeko ya ardhi yaliimaliza kazi iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, na katika miaka ya 1470 Sultani Qaitbay akajenga ngome mahali pake.

Unguja nayo ilikuwa na mnara wake wa taa kabla ya ule wa Chumbe. Sultani Barghash bin Said, aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na kuleta mjini maji ya mifereji, alisimamisha mnara mrefu wenye taa mbele ya jumba hilo, ukielekea bandarini, uonekane na kila chombo kinachoingia. Mnara huo haukuishi. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kufariki Sultani Hamad bin Thuwaini, manowari za Waingereza zilifyatua mizinga juu ya majumba ya mfalme ili kumwondoa Khalid bin Barghash katika kiti alichokikalia pasipo ridhaa yao; vita vile havikufikia saa nzima, na vilipokwisha mnara wa taa ulikuwa umeharibiwa kiasi cha kutofaa tena. Ukaondolewa, na jumba la Beit al-Ajaib likapewa mnara wa saa katika uso wake, nao ulidumu hadi Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba ilipoporomoka. Husikitika mno nifikiripo hayo. Jengo la mawe lina sura ya kitu cha milele, ilhali umri wake hutegemea mikono ya watu tu, ama ile inayotengeneza ama ile inayobomoa.

Ulipofika mwaka 1904 Sultani alikuwa Ali bin Hamud, na madaraka yote ya nchi yalikuwa mikononi mwa Waingereza, nao walitaka meli zao zipite salama kati ya Dar es Salaam na Unguja. Atazamaye ramani ataona mara moja kwa nini Chumbe ilichaguliwa. Kisiwa ni kidogo, hekta 20 na ushei, chembamba kama mtumbwi, nacho kimelala kando ya njia ya meli zitokazo kusini. Upande wake wa magharibi mwamba wa matumbawe hukaa karibu na uso wa maji, na chombo kikubwa kikiupanda usiku hakitoki salama. Nahodha wa zamani wa majahazi aliujua mwamba huo kwa rangi ya maji na kwa mvumo wa mawimbi, tena aghalabu alingoja asubuhi. Meli ya mvuke yenye ratiba haingoji asubuhi.

Tuliondoka pwani ya Mbweni saa tatu, katika mashua ya injini, kusi likivuma kidogo, na haikupita nusu saa kabla sijauona mnara, mweupe juu ya kijani cha msitu, umesimama peke yake. Hapakuwa na gati. Tulikunja suruali tukashuka majini. Aliyetupokea alikuwa mlinzi wa hifadhi, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, aliyekuwa mvuvi wa vijiji vya ng'ambo kabla ya kuishika kazi hii. Alinisalimu, "Shikamoo, mzee wangu," nikamwitikia; na aliposikia kwamba natoka Namanyere, mkoa wa Rukwa, akataka kujua kama huko kuna bahari. Nikamwambia tuna ziwa ambalo vina vyake hupita mita 1,400, la pili kwa kina ulimwenguni, na wavuvi wengi. "Basi wewe ni mwenzetu," akasema, akatangulia njia.

Mnara umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yaani kwa pwani yenyewe. Hapana budi nieleze kazi hii kwa ajili ya wasomaji wenzangu wa bara, ambao nyumba zetu ni za tofali la udongo. Fundi wa pwani huchimba mawe ya matumbawe ya kale, yale ambayo bahari iliyaacha nchi kavu zamani za kale, na hujenga kwayo ukuta mnene; na chokaa ya kuyaunganisha huipata kwa kuyachoma mawe ya jinsi hiyohiyo juu ya tanuri la magogo, hata yawe unga mweupe, ambao huuchanganya na maji, mchanga na pengine udongo mwekundu. Ukuta wa namna hii hupumua: hunywa unyevu wa masika na kuurudisha hewani wakati wa jua. Ndiyo sababu mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hukataza saruji juu ya kuta za kale. Saruji huonekana imara, lakini huufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, jiwe likaoza polepole chini ya uso mzuri. Wengi wamelipa gharama ya kuharibu nyumba zao wakidhani kuwa wanazitengeneza, na laiti kila mwenye jengo la kale angeuliza kwanza!

Ngazi za ndani zinazunguka na ukuta, zaidi ya mia, na mwanga huingia kwa vidirisha vyembamba, hata mpandaji hutoka gizani na kuingia nuruni mara nyingi kabla hajafika juu. Nilipumzika mara mbili. Nilipotokea kwenye ukumbi wa juu niliuona msitu mzima wa kisiwa chini yangu, na kando yake mwamba wa matumbawe chini ya maji, rangi ya hudhurungi kwanza, kisha kijani, kisha buluu nzito pale meli zinapopita. Na kaskazini, mji wa Unguja kama mstari wa chokaa.

Katika zama za taa za mafuta, mtunza taa alikuwa mtumwa wa usiku. Alipandisha mafuta kwa ngazi, akakata utambi, akafuta moshi katika vioo, akaitazama taa kila saa isije ikafifia, maana taa iliyozimika ni hatari kuliko taa isiyokuwapo: nahodha anayeitumaini taa asipoiona hudhani kuwa bado yuko mbali. Vioo vyenyewe ni jambo la kushangaza. Mfaransa Augustin Fresnel, mnamo mwaka 1822, alionyesha kwamba hapana haja ya kioo kimoja kinene ili kukusanya miale ya taa. Yatosha kupanga vipande vya kioo, duara nje ya duara, kila kimoja kikiwa na pembe yake, nao mwanga ambao ungepotea mbinguni na ardhini huelekezwa wote baharini. Tena kila mnara hupewa namna yake ya kumweka, huu mara moja na ule mara mbili kwa muda uliopimwa, na namna hizo huandikwa katika vitabu vya mabaharia. Hivyo nahodha huhesabu miale kama mtu anayesikiliza sauti ya jirani gizani akamtambua kwa lafudhi.

Mwaka 1926 Chumbe iliwekewa mtambo wa gesi wa kampuni ya AGA ya Uswidi, na hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu, jibu ambalo sikulitarajia. Gesi hiyo ni asetilini, ileile ambayo hutoka katika jiwe la kabidi likitiwa maji, na jiwe hilo ndilo lililotupa neno karabai. Kwa hiyo taa ya mnara huu na taa za wavuvi wa Kirando ni za ukoo mmoja. Aliyeifanya asetilini iwe mtumishi mtiifu wa bahari ni Gustaf Dalén, mhandisi wa Uswidi, na uvumbuzi wake uliokuwa bora kuliko wote, wa mwaka 1907, ni kilango cha gesi kinachofunguliwa na kufungwa na jua. Ndani yake mna ufito wa chuma uliopakwa rangi nyeusi, na fito nyingine zilizong'arishwa kama kioo. Kukipambazuka, ule mweusi hunywa mwanga, hupata joto, hurefuka kwa kiasi kidogo mno, nao huuziba mlango wa gesi. Jua likizama hupoa, hufupika, na gesi hupita, ikapokewa na mwale mdogo usiozimika, taa ikawaka. Chombo kingine huikata gesi vipande vipande, ili taa imweke badala ya kuwaka mfululizo, na mitungi michache huweza kutosha kwa miezi mingi. Mwaka 1912, akiwa katika majaribio ya mitungi ya gesi, Dalén alipatwa na mlipuko uliompofusha macho yote mawili, na mwaka uleule akatunukiwa tuzo ya Nobel ya fizikia. Aliendelea kuiongoza kampuni yake katika kiza chake mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1937, na wakati wote huo taa zake zilikuwa zikijiwasha jioni katika rasi na visiwa vya dunia, akiwanufaisha kwa macho watu ambao hakuweza kuwaona.

Basi jibu ndilo hilo: tangu mtambo ule ulipowekwa, taa haikumhitaji tena mtu wa kukesha. Na nyumba ya mtunza taa, iliyojengwa kwa mawe yaleyale na chokaa ileile karibu na mnara, katika miaka iliyofuata ikawa gofu. Mnara ulisimama kwa kuwa kazi yake haikukoma, na nyumba ikaanguka kwa kukosa wa kuikalia. Upo pia msikiti mdogo wa kale, uliojengwa kwa ajili ya familia za watunza taa, nao ni wa kupendeza kwa wembamba wa nguzo zake. Niliingia humo nikakaa kimya kwa muda, nikiwaza juu ya mtu na watoto wake, wakiadhini na kuswali mahali ambapo jamaa yao yote ilikuwa watu wa nyumba moja.

Lakini mnara ulikuwa umefanya kazi nyingine ambayo waliousimamisha hawakuikusudia. Kwa kuwa upande wa magharibi wa kisiwa unapakana na njia kuu ya meli, uvuvi haukuruhusiwa huko, na wavuvi wenye ngalawa zisizo na injini hawakuwa na sababu ya kwenda mbali hivyo. Miaka ikapita, na matumbawe yaliyokwisha kuvunjwa kwingineko kwa nanga, kwa nyavu za kukokota na kwa baruti, hapa yakabaki kama yalivyokuwa. Mnara uliowekwa ili kuwaokoa watu na mwamba, ukauokoa mwamba na watu. Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi nchini, alianzisha mradi wa kukihifadhi kisiwa, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba pamoja na msitu wake kuwa hifadhi. Jamii za samaki zilizopata kuonekana hapo zinapita 400. Paa nunga, mnyama mdogo wa Unguja anayekaribia kutoweka, aliletwa akapewa makao msituni, na kaa wakubwa wapandao miti, ambao katika sehemu nyingi wameliwa wakakoma, hutembea usiku pasi na hofu.

Na gofu la mtunza taa likatengenezwa, likatiwa paa kubwa la makuti, likawa mahali pa kuwapokea wageni na kuwafundishia watoto wa shule wanaoletwa kutoka Unguja. Nimeona majengo mengi ya kale yakitengenezwa ili yatazamwe tu, yakabaki na uso mzuri na moyo mtupu. Nyumba hii imerudishiwa wakaaji. Waliokuwa wavuvi wamefundishwa kuwa walinzi, huzunguka mwamba kwa mashua, huwaeleza wavuvi wenzao kwa nini samaki wanaozaliana hapa hutoka na kujaza maji ya jirani. Na mchana ule nilimwona mwenyeji wetu akiwashika mikono wanafunzi wawili wa kike, mmoja kila upande, ili watie uso majini kwa mara ya kwanza maishani mwao, na yule mdogo alipoinua kichwa hakuweza kusema neno, alionyesha kwa kidole tu.

Nikiwa kisiwani nililifikiria ziwa letu. Huko nako tuna mawe ya kale. Kasanga yapo mabaki ya boma ambalo Wajerumani waliliita Bismarckburg. Juni 1916 mkuu wa vyombo vya Waingereza aliliogopa kwa ajili ya mizinga aliyoiona ukutani, na lilipochukuliwa, wanasema wanahistoria, mizinga hiyo ilikuwa ya miti. Tuna pia MV Liemba, meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza kazi kwa jina lake la sasa mwaka 1927. Nayo ilipokuwa ikifika usiku mbele ya vijiji visivyo na gati, taa yake ndiyo iliyowatafuta watu majini, nao wakaja kwa mitumbwi wakiufuata mwanga. Natamani kwa moyo wote mtu mwenye uwezo aitazame Kasanga kwa jicho lililoitazama Chumbe, na aanze kwa kuuliza ni nani atakayekaa humo.

Mashua ya kurudi ilichelewa kwa ajili ya maji kupwa, tukaketi mchangani, mimi na yule mlinzi, jua likishuka upande wa bara. Akaniuliza kama ziwani kwetu ipo minara kama huu. Nikamsimulia habari ya mkaza mjomba, na matita ya nyasi, na mjomba na wenzake wawili. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Nyuma yetu taa ilikuwa imekwisha kuwaka, na hakuna aliyekuwa amepanda ngazi.

"Na nyumba yake," akauliza baada ya kimya kirefu, "aliiezeka kwa nini?"

Nikamwambia kwamba nyasi zilikuwa zimekwisha mbugani, kwa hiyo mjomba alilivua tanga la mtumbwi wake, akalitandaza juu ya fito, wakalala chini yake msimu wote wa mvua.